Chumba tulicholipia, choo tulichonyimwa

Nianze na onyo: moteli ile ya kando ya barabara kuu, katikati ya Pennsylvania, msilale. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu bado tunadaiana nao.

Mimi ni mtu wa bembea tangu utoto wangu, tangu zile za sikukuu pale Mnazi Mmoja, Unguja, na nilipofika Marekani mapenzi hayo yakahamia kwenye rolakosta, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi. Kiangazi hiki mama alikuja kunitembelea Pittsburgh. Nikamchukua yeye na mwanangu, twende polepole hadi Knoebels, uwanja wa bembea kule Elysburg, tukitazama mambo njiani.

Johnstown tulisimama. Mei 31, 1889, bwawa la South Fork lilipasuka juu ya mji ule, wakafa watu 2,209. Bwawa lilikuwa la klabu ya matajiri, mahali pao pa kuvua samaki na kupumzika. Mama aliposikia hilo aliinua mikono akawaombea waliokufa, kisha akanyamaza mpaka Altoona. Huko tuliona Horseshoe Curve, reli iliyopindishwa mlimani tangu 1854, tukangoja hadi treni ya mizigo ikapita yote. Halafu nikawaomba wanivumilie kidogo, nikaangalie Leap-the-Dips. Ni ya mbao, ya mwaka 1902, hakuna rolakosta kongwe kuliko hiyo iliyobaki imesimama duniani. Niliitazama kupitia uzio, machozi yakanilenga. Hapo ndipo tulipochelewa, nakiri.

Tulifika motelini saa nne na nusu usiku. Chumba cha vitanda viwili, nilishakilipia wiki kadhaa nyuma. Kijana wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu yake. "Nimempa mtu mwingine. Mmechelewa." Nikamwonyesha risiti, hakuna mahali ilipoandikwa mwisho wa kufika ni saa ngapi. Akasema tusubiri nje.

Mama ana miaka 71. Alikuwa garini tangu asubuhi. Akaninong'oneza kwamba amebanwa, nikamwomba yule kijana aturuhusu choo. Akamtazama mama, na buibui lake, toka kichwani mpaka miguuni, akajibu, "Choo ni cha wageni."

Mama aliuliza kasemaje. Nikamtafsiria. Akasema, "Sasa sisi kama si wageni, ni nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mwenzenu nilishindwa kumjibu. Nyumbani kwetu mtu akibisha hodi usiku huulizwa kama amekula. Hata akiwa hajulikani, choo haombi mara mbili. Tukavuka barabara ile ya magari makubwa, mimi mkono huu, mwanangu mkono huu, mama katikati, mpaka kituo cha mafuta.

Karibu saa sita chumba kikapatikana. Kitanda kimoja, watu watatu, ukutani harufu ya sigara. Lakini niwe mkweli: mashuka yalikuwa safi, maji ya moto yalikuwepo, na asubuhi mama mmoja mhudumu wa chai, aliposikia yaliyotupata, alimletea mama kikombe mezani, akamshika bega, akambebea begi hadi garini. Kwa ajili yake nilishaamua kuipa moteli nyota mbili katika maoni yangu.

Na Knoebels ikanipoza zaidi. Kuingia ni bure, unalipia unachopanda tu, kwa hiyo mzee anayetaka kukaa kivulini hatoi hata senti. Nilipanda Phoenix, rolakosta ya mbao, mara nne. Hiyo ilijengwa San Antonio, Texas, mwaka 1947, ikabomolewa, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya hapo na kufunguliwa 1985. Kwenye vile vilima vya mwisho unanyanyuliwa kitini kila kilima, na mbao zinaguna chini yako. Mama alikataa, ila alikubali farasi wa kuzunguka, wale ambao ukikaa safu ya nje unanyoosha mkono kuchomoa pete za chuma. Anayepata ya shaba hupanda tena bure. Mama aliipata! Watu wasiomjua wakampigia makofi.

Nyota mbili zile zingebaki. Ila siku chache baada ya kurudi nyumbani, moteli ikakata pesa tena kwenye kadi yangu: ada ya kusafisha chumba, kwa sababu eti tulivuta sigara. Katika ukoo wetu hakuna anayevuta. Nikapiga simu, akapokea kijana yuleyule, akaniambia uamuzi umeshapita. Basi hata nyota moja siwapi. Yule mama wa chai namwombea kazi mahali pengine.

Mama amesharudi Unguja. Majirani wakimwuliza habari za Marekani, anaanza na choo. Pete ya shaba anaisimulia baadaye.