Kutoa modi na kuendelea na sevu ile ile, au kurudi sevu ya kabla ya modi?

Vijana wa hapa Malindi wanabishana hii kitu kila siku, sasa mi nasema nilivyoona. Modi ni nyongeza unayoweka kwenye gemu la kompyuta kulibadilisha, na sevu ni faili inayohifadhi ulipofikia.

Kwa upande wa muda, kutoa na kuendelea kunashinda wazi. Unafuta modi, unawasha gemu, masaa yako 60 yapo pale pale. Kurudi nyuma kunauma bwana, hasa kama sevu safi ni ya mwezi uliopita.

Ila kwa uhakika ndo kuna mambo. Modi ya sura tu, yani rangi za ngozi ama maji, toa bila wasiwasi. Lakini modi yenye skripti (amri zinazoendesha mambo ndani ya gemu) kwenye gemu la Skyrim, zile skripti zinabaki ndani ya sevu hata ukishafuta faili, na gemu linaweza kwenda sawa siku kadhaa halafu lianze kukwama ukiwa ushasahau chanzo. Stardew Valley, lile gemu la shamba, ni mpole zaidi, kitu cha modi kinageuka tu kuwa kitu cha eror kwenye begi, we toa ng'ombe na masanduku ya modi kwanza. Sevu ya zamani haina hayo, mradi ilisevuwa kweli kabla ya modi kuingia.

Matunzo sasa: kurudi nyuma kunataka uwe na kopi, na wengi hatuna. Kopi folda ya sevu kwenye flashi, stima ikikatika katikati ya kusevu utanishukuru.

Modi ya sura, endelea. Ya skripti na kopi unayo, rudi. Huna kopi na umebakisha misheni mbili? Iache tu modi mpaka umalize.