Contagion (2011): gonjwa lililofuatiliwa mkono hadi mkono

Filamu nyingi za magonjwa hututisha kwa maiti. Katika Contagion, mwongozaji Steven Soderbergh anatutisha kwa bakuli la karanga kwenye kaunta ya baa, glasi, na kadi ya benki inayopita toka mkono wa mgonjwa kwenda kwa mhudumu. Kamera inakaa pale sekunde moja zaidi ya kawaida, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa.

Sayansi yake imesimama imara. Kirusi cha kubuni, MEV-1, kimeigwa kwa sehemu kutoka kirusi halisi cha Nipah, kilichozuka Malaysia mwaka 1998 kikitoka kwa popo kupitia nguruwe. Mhusika wa Kate Winslet anaeleza ubaoni kila mgonjwa huambukiza wangapi. Usipite haraka hapo: wakiwa 2, mizunguko 10 ya maambukizi hufikisha wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 katika mzunguko huo wa mwisho pekee.

Panapolegea ni kwenye chanjo. Mtafiti anajichoma sindano mwenyewe, na hatua za majaribio kwa maelfu ya watu karibu zote zinarukwa. Dalili nazo huja upesi mno. Gonjwa gumu zaidi kudhibiti ni lile linaloambukiza kabla mtu hajahisi chochote.

Mhusika wa Jude Law, anayenadi dawa ya uongo mtandaoni, ameandikwa vizuri kuliko wote. Dakika 106, na usizime kabla ya mwisho kabisa: siku ya kwanza ya mlipuko imewekwa huko.