Miaka mitatu kwenye shule ya masista hapa Mbeya, maoni ya mzazi wa Kimoravian

Wamama wenzangu pale Mwanjelwa wananiuliza sana hili swali, eti ile shule ya masista ikoje, wanafundisha kweli au ni kusali tu kutwa? Leo mvua imeshika toka asubuhi, dukani hakuna mtu, ngoja niandike yote mara moja. Jina la shule siliweki maana kuna mambo nayalalamikia na wanangu wawili bado wako pale, mwenye kujua atajua.

Kwanza mjue mimi ni Mmoravian, na mume wangu ndo kabisa, kwao ni Rungwe walikofikia wale wamisionari wetu 1891. Mama mkwe aliposikia mjukuu kaanza kule alinipigia simu alfajiri, hata ugonile, salamu yetu ya asubuhi ya Kinyakyusa, hakusema, akauliza moja kwa moja, "Mwanangu, mmempeleka mtoto kwa Waroma?" Nikamwambia mama, kule alikokuwa walikuwa wanabanana wanne dawati moja, akanyamaza ila nilijua hajaridhika.

Sasa tuelewane kuhusu mtaala. Ni uleule wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), vitabu vyake vilevile, huu mtaala mpya ulioanza 2024 wameupokea kama shule zingine zote, na mtihani wa darasa la nne ni wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, humo hakuna swali la Bikira Maria. Ukisoma ratiba iliyobandikwa mlangoni unaona dini ina vipindi vyake viwili kwa wiki basi, unasema aa kumbe kawaida tu. Mimi nilidanganyika hapohapo kwenye ratiba. Dini yao inapita mpaka kwenye hesabu, kwenye jiografia, kwenye kufagia, yaani inaingia bila kubisha hodi.

Nitoe mfano mmoja maana huu ndo ulionifanya niheshimu walimu wa pale. Kwaresima ya 2025 mwanangu mkubwa alirudi na homuweki ya hisabati, hesabu siku kuanzia Jumatano ya Majivu tarehe 5 Machi mpaka Jumamosi Kuu tarehe 19 Aprili. Akapanda kwenye kiti akaishusha kalenda ukutani, akaanza kudonoa na kalamu kimoja kimoja, ikaja 46. Akaniambia mama, sista anasema Kwaresima ni siku 40, sista kakosea. Nikahesabu mimi, 46. Baba yake karudi, kala, kaitwa naye ahesabu, 46, nyumba nzima tukawa tunamcheka sista. Kesho yake mtoto kaja anaringa, eti Jumapili hazihesabiwi kwa sababu Jumapili ni siku ya ufufuko, na humo katikati zimo Jumapili sita, toa sita, haya zinabaki ngapi?

Haikuishia hapo, wiki za mbele wakaulizwa kwa nini Krismasi haihami tarehe 25 Disemba ila Pasaka kila mwaka inahamahama. Ikawa somo la mwezi na jua sasa. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndo maana haiwezi kuja kabla ya 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili. Wakaambiwa usiku wa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi watoke nje waangalie. Na nyie mnaijua Mbeya ya Aprili, mawingu mpaka kwenye sufuria, tumesimama uani na makoti tunatetemeka, mdogo analia anataka kulala, ilipofika kama saa nne wingu likafunguka kidogo ukatokea mwezi mzima kama sinia. Wiki moja baadaye tarehe 20 ikawa Pasaka. Mimi nimesherehekea Pasaka toka nazaliwa na hilo sikuwa nalijua, nimefundishwa na mtoto wa darasa la tatu.

Walivyofungua shule baada ya Pasaka yule sista wa dini akauliza darasani nani anatoka kanisa lingine aelezee kwao Pasaka inakuwaje. Mwanangu akasimama akasema sisi Wamoravian tunaamka usiku tunaenda makaburini, tunaimba mpaka jua linatoka. Mwenzake akamuuliza hamuogopi? Akajibu bibi yangu ndo anatangulia mbele, nani amsogelee. Darasa zima kicheko, na sista akamwomba awaimbie kidogo na akaimba. Hiyo habari nilimpelekea mama mkwe Tukuyu, akakaa kimya halafu akasema "mwambie huyo sista, ndaga fijo", yaani asante sana. Kesi ikafungwa.

Kitu kingine, Ijumaa kabla ya gari la shule kuondoka wanakaa kimya dakika kama tano hivi, kila mtoto anajiuliza moyoni wiki hii nimemkosea nani. Hakuna kuandika, hakuna kusimamishwa mbele. Nilidhani ni mapambo tu mpaka siku moja mwezi wa saba mwanangu mdogo kanifuata jikoni, kashika ukuta, anasema mama ile mia tano iliyopotea kwenye droo mwezi wa pili ni mimi. Miezi mitano! Hata nilikuwa nimeshasahau, na nilishamsingizia dada wa kazi, kwa hiyo ikabidi na mimi nikaombe radhi, makubwa.

Sasa malalamiko, maana sijalipwa kuwasifia.

Rozari. Mwezi wa kumi kila siku asubuhi fungu moja, yaani Salamu Maria kumi, linasaliwa paredi. Nilimuuliza mwalimu mkuu kabisa kabla sijalipa ada, akaniambia vizuri tu kwamba mtoto asiye Mkatoliki halazimishwi, anaweza kukaa kimya, na akaongeza kwamba tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wao, lile tamko lao la elimu la 1965, Kanisa linasema mzazi ndo mwalimu wa kwanza, kwa hiyo neno langu litasikika. Nashukuru. Ila jamani mtoto wa miaka nane, wenzake wote wanaitikia, yeye akae kimya peke yake? Wiki ya pili tu alishaikariri Salamu Maria yote. Mimi nimeamua haimdhuru, mwingine ataona tofauti, ila amua kabla ya kulipa usije ukaanza kugombana na watu mwezi wa kumi.

Kingine kilichonikera zaidi ni kopo la Utoto Mtakatifu. Lile shirika lenyewe ni zuri, lilianzia Ufaransa 1843 na askofu mmoja aliyetaka watoto wasaidie watoto wenzao kwa sala na visenti vyao, na Kwaresima kila mtoto anapewa kikopo cha karatasi adumbukize hela ya andazi aliyojinyima. Safi. Shida ni kwamba mwaka wa kwanza walisoma majina paredi, fulani elfu kumi, makofi, fulani mia saba, kimya. Kuna mtoto wa jirani yetu baba yake ni bodaboda alirudi siku hiyo hataki kula. Nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikasema mbona yule mjane wa kwenye Injili aliyetoa senti mbili ndo alisifiwa, nyie mnasifia elfu kumi? Ukumbi uliguna. Tangu hapo majina hayasomwi, ila kuna mwalimu mmoja bado anapostigi kwenye grupu la wasapu, huyo sijui tumfanyeje.

Halafu ziara ya askofu. Wiki mbili nzima mazoezi ya kwaya na ngoma, michezo ikafutwa, hesabu zikapigwa chenga, daftari la sayansi la mwanangu lina pengo la kurasa nilivyolikagua. Tunampenda askofu lakini na ada tunalipa.

Na watoto wa Kiislamu, kwenye darasa la mkubwa wako watatu, kipindi cha dini wanaruhusiwa kutoka, sawa, ila wanatoka waende wapi? Nimewakuta mara mbili chini ya mti wanachezea kokoto na kibaridi kile cha mwezi wa sita, hakuna mwalimu. Shule inayoweza kumpa mtoto wa Kimoravian nafasi aimbe darasani haishindwi kutafuta ustadhi aje mara moja kwa wiki, au basi wapewe kitabu na chumba.

Chakula ni makande, wali maharage, na nyama siku ya sherehe tu, mwanangu halalamiki mimi nani. Ada inalipwa kwa awamu nne na wanasubiri ukiongea nao mapema, ukikaa kimya mtoto anarudishwa getini bila aibu, hapo sista ni sista kweli.

Kwa ujumla nawapa nne kati ya tano, hiyo moja ni ya kopo na wale watoto wa chini ya mti.

Fomu wanaanza kutoa mwezi wa nane, usaili wa darasa la kwanza ni kusoma na kuhesabu, cheti cha ubatizo hawaulizi. Ukienda kuchukua fomu nenda saa sita kasoro dakika kumi, kaa kwenye lile benchi la nje ya ofisi. Saa sita kamili inagongwa kengele ya Malaika wa Bwana, sala yao ya mchana, mpira unaachwa ujiviringie wenyewe mpaka kwenye majani, mlinzi anavua kofia, mpishi anasimama mlangoni na mwiko wake unachuruzika uji wa chekechea. Angalia nyuso za watoto hapo, halafu ndo uingie ndani ulipie fomu au urudi zako na bajaji.