Uzoefu wangu wa kutuma picha kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta bila waya

Kwa miezi minane sasa, kila ninapopiga picha za harusi, kamera yangu huzituma moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato iliyo kwenye meza ya kuchapishia picha, pembeni mwa ukumbi, bila waya na bila mimi kuchomoa kadi. Ninatumia FTP, yaani njia ya kutuma mafaili kupitia mtandao, iliyomo ndani ya kamera pamoja na FileZilla Server, programu ya bure inayoiwezesha kompyuta kupokea picha na kuziweka kwenye folda niliyoichagua. Intaneti haihitajiki; ruta ndogo isiyo na laini yoyote inatosha kuviunganisha vifaa hivi viwili.

Siku ya kwanza nilihangaika sana. Kamera ilishika Wi-Fi vizuri, lakini kila nilipotuma picha ilikataa, na karibu saa nzima ilipita kabla sijagundua kwamba kinga ya mtandao ya kompyuta (firewall) ilikuwa inaizuia programu kupokea chochote kutoka nje. Nilipoiruhusu, picha zikaingia. Kesho yake zikagoma tena, kwa sababu ruta ilikuwa imeipa kompyuta anwani nyingine ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ilhali kamera iliendelea kuitafuta ile ya jana. Anayeanza namsihi aifanye anwani hiyo kuwa ya kudumu, kwenye mipangilio ya ruta, kabla ya jambo lingine lolote.

Kamera yangu hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee, na mimi hupata takriban megabaiti 3 kwa sekunde. JPEG ya megabaiti 8 hufika kwa sekunde 3 hivi, hata mgeni huiona picha yake kwenye skrini akiwa bado amesimama pale pale. RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaisindika, ya megabaiti 30 huchukua sekunde 10, na ukumbi ukijaa simu zinazogombea masafa hayo hayo, huchelewa zaidi. Ndiyo maana hutuma JPEG tu: RAW 400, yaani gigabaiti 12, zingechukua zaidi ya saa nzima, lakini kisoma kadi cha USB 3 huzimaliza kwa dakika chache.

Betri huisha upesi, hivyo hubeba nne badala ya mbili. Tena, FTP ya kawaida haifichi nenosiri wala picha zenyewe, na kwa kuwa maharusi wamenikabidhi siku yao, situmii kamwe Wi-Fi ya hoteli, hata ikiwa na kasi kuliko ruta yangu.