Miezi 14 na Bubu: otopailoti (mashine inayoshika usukani yenyewe) ya boti ya tanga hapa Kigoma, nimeridhika ila kuna mambo

Kila nikiegesha Kibirizi swali ni lile lile, hiyo fimbo ya Bubu inashika usukani kweli au ni mbwembwe za kizungu tu? Inashika. Juzi nimeenda Mwamgongo, kijiji cha huko kaskazini, na kurudi, kwenda nimekaa zangu na kikombe cha chai mkono huu na andazi mkono huu, usukani unajiendea. Mzee mmoja wa dagaa alipita karibu na kipe chake (chombo cha kuvulia dagaa) nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye ile fimbo inaingia na kutoka, wizz, wizz, akaniuliza "mwanangu, na nyavu za watu inaziona?" Haioni mzee wangu. Haioni kitu chochote, ndo maana nasema jina la Bubu tulikosea, ilitakiwa iitwe Kipofu.

Kwa asiyejua, boti yangu ni ya faiba, futi 26, matanga mawili na injini ndogo ya kufunga nyuma kwa ajili ya dharura, niliinunua kwa jamaa aliyekua anahama. Haina gurudumu la usukani kama la gari, ina kana, ule mti wa kugeuzia usukani (watu wa pwani ndo wanaita hivo, mimi na vijana wangu tunasema mkono tu), kwahiyo otopailoti inayoifaa ni ile ya fimbo. Ni kopo refu la plastiki, ndani mna mota ndogo ya volti 12, skrubu ndefu na dira ya umeme, halafu fimbo ya chuma inatokeza mbele inaushika mkono wa usukani. Unaielekeza boti unakotaka, unabonyeza kitufe cha kuanza, yenyewe inakariri ule uelekeo, boti ikikengeuka inasukuma au inavuta mpaka irudi. Vitufe vingine ni vya kuongeza au kupunguza nyuzi 1 au 10. Basi, hakuna uchawi.

Ya sasa ni Raymarine ST2000+, na kabla yake nilikua na nyingine ya mtumba ambayo sitaitaja, wala muuzaji wake sitamtaja, yalishapita. Ila kosa langu kwenye ile ya kwanza nalisema maana naona watu wanalirudia: niliangalia urefu wa boti badala ya uzito. Hizi mashine zinapimwa kwa uzito. ST1000+ kiwanda kinasema mwisho tani 3, ST2000+ mwisho tani 4 na nusu, wenzao Simrad nao wana TP10, TP22 na TP32 zinapanda hivo hivo. Boti yangu tupu ni tani 2 na nusu hivi, ukasema si basi ya tani 3 inatosha na chenji inabaki. Haya pakia sasa, watu wanne, nanga mbili na kamba zake, maji lita 100, betri, injini na petroli, gunia la mkaa, na shemeji yako anayeenda msibani na mkungu wa ndizi. Tani 3 hizo umeshazimaliza na ziwa halijaanza kuchafuka. Chukua uzito wa boti ikiwa imepakiwa, ongeza kama asilimia 20, ndo ununue. Mashine ndogo haivunjiki siku ya kwanza, inachoka kidogo kidogo mpaka siku ya upepo.

Bei yake ilinifikia hapa mwisho wa reli zaidi ya milioni mbili na usafiri. Najua. Mke wangu pia anajua.

Sasa kufunga. Kipimo cha kitabu ni kwamba ile pini ya kwenye mkono iwe sentimita 46 kutoka katikati ya mhimili wa usukani, halafu kitako cha mashine kiwe sentimita 58.9 pembeni upande wa kulia, fimbo ikae sambamba na sakafu na ikutane na mkono kama kona ya daftari pale usukani unapokua katikati. Mi nikaona ubao wangu umekaa vibaya nikaweka pini kwenye 60, nikajiambia itapata nguvu zaidi kwa sababu iko mbali. Nguvu ilipata kweli, ila usukani ukawa unageuka taratibu kama mgonjwa, boti inakengeuka nyuzi 20 ndo mashine inafika. Nikang'oa, nikaziba tundu kwa gundi ya faiba, nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma pale Mwanga akanitengenezea pini ya stenlesi, nikaiweka 46 kama nilivyoambiwa. Ikawa boti nyingine. Kitabu kisomwe jamani.

Umeme ndo panapokula watu. Ile ya kwanza ilikua inajizima yenyewe kila mawimbi yakikaza, na kila fundi niliyemwita anapima betri, anasema volti 12.6, betri nzima, mashine mbovu. Siku moja nikashika mita mwenyewe nikapima kwenye plagi ya nyuma kabisa huku mota inasukuma, 10.9. Volti karibu mbili zimepotelea njiani! Aliyefunga mwanzo alitumia waya wa spika, ule mwembamba wa rangi mbili, mita 6 kwenda na 6 kurudi, viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, ndani vimeota kijani. Nimeweka waya wa milimita 2.5, viungo vya kubana na koleo, vimepakwa grisi, fyuzi yake peke yake karibu na betri, na plagi isiyoingiza maji. Shida ikaisha palepale. Kwahiyo kabla hujaitukana mashine pima volti pale inapochomekwa, na upime ikiwa inafanya kazi, sio ikiwa imelala.

Matumizi yake sio makubwa, kwenye maji ya kawaida inakula kama ampea moja ukipiga wastani, yakichafuka mbili hivi. Safari ya masaa 8 ni ampea-saa 8 hadi 16. Betri ya sola ya 100 unatumia nusu tu ukitaka ikae miaka, na paneli ya wati 100 kwa jua letu inarudisha kama 30 kwa siku nzuri, kwahiyo Bubu, taa na kuchaji simu vinaenea. Ila usifunge betri ya lori, ile N70 imetengenezwa kuwasha injini sio kutoa umeme mdogo mdogo siku nzima, utaiua ndani ya mwaka.

Kisa cha spika lazima nikiseme. Tunapandisha kaskazini, upepo wa kusini uko nyuma, kijana mmoja abiria kaja na spika yake ya bluetuthi kubwa, kaiweka pale tezi (nyuma ya boti) kando ya kopo la Bubu ili wote tusikie. Mi nipo mbele nafungua kamba. Baada ya dakika kadhaa naona milima ya kwetu iliyokua mkono wa kulia imehamia nyuma, jua limenikalia usoni vibaya, nageuka namwona Bubu katulia kabisa, wizz, wizz, anatupeleka Kongo. Spika ina sumaku ndani na dira ya Bubu iko ndani ya lile kopo, ikaamini kaskazini imehama. Tangu siku hiyo kitu chenye chuma au sumaku hakikai chini ya mita moja kutoka pale, sio spika, sio jiko la mkaa, sio sanduku la spana. Jiko ndo baya zaidi maana linapendwa kuwekwa tezi kukwepa moshi.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawakuambii, mashine haiponyi boti iliyofungwa matanga vibaya. Jaribu hivi, izime, shika mkono kwa vidole viwili. Ukiona inabidi uuvute kwa nguvu ili boti isigeukie upepo, basi Bubu naye atavuta hivo hivo masaa yote, anakula betri na kusaga meno ya ndani. Legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) kidogo, au punguza tanga kubwa kabla upepo haujakulazimisha, mpaka mkono uwe mwepesi, ndo umkabidhi. Mi mwezi mzima nilikua nalaumu mashine kumbe nimebeba tanga zima kwenye upepo wa mwezi wa saba, ile misimu ya kusi ambayo ziwa lina mawimbi marefu toka Zambia huko, kilomita mia nne na kitu hakuna cha kuyazuia.

Na kuna namba ya ukali, kuanzia 1 hadi 9, jinsi mashine inavyogeuza usukani. Angalia nyuma kwenye mkia wa maji, ukiona nyoka ujue umeweka kubwa mno, inageuza kupita kiasi halafu inajirekebisha. Boti ikizurura kama mlevi wa taratibu, ni ndogo mno. Yangu inakaa vizuri kwenye 4. Kwenda Mwamgongo upepo na mawimbi vikiwa nyuma ndo mtihani wake, wimbi linainua tezi boti inataka kupinda, hapo naipandisha hadi 6 na sikai nayo mbali. Kurudi tunabisha upepo (tunaukabili kwa pembeni) yaani ni raha, inakata kama reli, na ukitaka kugeuza upande unabonyeza vitufe viwili pamoja inageuka nyuzi 100 yenyewe wewe unahangaika na kamba tu.

Kwa asiye na hela, kabla ya hizi mashine nilikua natumia mpira wa ndani wa baiskeli. Unafunga mkono upande wa chini ya upepo (unakoelekea upepo) kwa mpira, upande wa juu (unakotoka) unaleta kamba ya tanga la mbele, upepo ukizidi kamba inavuta mkono na boti inakaa sawa, ukipungua mpira unarudisha. Inachukua nusu saa kuipata na upepo ukihama boti inahama nao, ila gharama yake ni mpira mmoja. Bado ninao mfukoni. Zipo pia zile za bapa la upepo, Hydrovane na wenzake, hazili umeme hata chembe, ila bei yake unapata kiwanja Gungu.

Matunzo: adui wa Bubu sio chumvi, hatuna chumvi hapa, ni mvua na jua. Fimbo inapotokea kuna mpira wa kuzuia maji, ile ya kwanza ulichakaa, masika ikaingiza maji taratibu na mimi sijui, fundi alipoifungua yametoka kama ya kwenye dafu. Sasa nimeshonewa soksi ya turubai, kila safari nafuta fimbo na kitambaa, siipaki mafuta ya kula kama mmoja alivyonishauri (!), na tukifika nachomoa naenda nayo nyumbani. Kuiacha usiku ni kuwagawia watu.

Vingine kwa haraka. Kamba za manila za duka la nyavu ni nzuri kwa nanga ila kwa demani zinateleza na kuchoma mkono, tafuta poliesta. Nanga iwe na kamba ndefu kuliko unavyodhani, ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi na hata pembeni linadondoka ghafla, upande wa Gombe unatupa nanga hatua chache toka ufukweni haigusi. Vile vyuma vya kujitoa sadaka ili injini isilike, vya zinki ni vya baharini, maji baridi yanataka magnesiamu. Na tanga livishwe koti, jua linalila kuliko upepo.

Usiku sasa. Giza likikosa mwezi ziwa linawaka taa za dagaa kama mji, na kila taa ina wavu chini yake na watu juu yake. Hapo Bubu nazima, nashika mkono mwenyewe. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hawatoki, hapo namwachia ila mtu mmoja anakaa macho mbele. Na ukiwa peke yako jifunge kamba kiunoni, mchana hata usiku, kwa sababu ukidondoka boti haitasimama, itaendelea na uelekeo uliouweka vizuri kabisa, wizz, wizz, mpaka ng'ambo.

Ile ya mtumba ipo uvunguni, mota yake bado inazunguka na mkanda wake mzima, mwenye kuhitaji vipuri aniulize nikiwa Kibirizi, simuuzii, aje na andazi.