Filta ya ND64 kwenye kwanjula na kwenye maporomoko: uzoefu wangu

Kazi inayonilisha hapa Kampala ni kurekodi video za kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, na harusi zenyewe, na nikipata nafasi huelekea Sipi au Murchison kupiga picha za maporomoko kwa ajili yangu mwenyewe. Kazi zote mbili hunilazimu kufunga filta ya ND mbele ya lenzi, yaani kioo cheusi ambacho kazi yake ni kupunguza mwanga bila kugusa rangi. Nimetumia filta ya kuzungusha ya bei nafuu, ambayo nguvu yake hubadilika ukizungusha pete, nimetumia ya stopu kumi (stopu ni kipimo cha mwanga, kila moja huupunguza kwa nusu), na sasa natumia Hoya ProND64, ya stopu sita, yenye kipenyo cha milimita 77. Hii ya mwisho ndiyo ninayoichukua kwanza ninapofungua mkoba, ingawa nayo ina kero zake.

Anayerekodi fremu 25 kwa sekunde huweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde ili mwendo wa watu uonekane wa kawaida. Jua la mchana lisilo na wingu, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na lenzi iliyofunguliwa hadi f/2.8 (namba ndogo ya f ni tundu kubwa), hutaka shata ya karibu 1/3200. Tofauti ya kasi hizo mbili ni mara 64, na kwa kuwa kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu, hizo ni stopu sita. Mwenye kamera inayorekodi logi, yaani picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye, kuanzia ISO 800 atahitaji stopu tatu zaidi, au akubali kubana lenzi hadi f/8, na hapo mandhari ya nyuma iliyofifia ambayo wateja wanaipenda haitapatikana. Kabla ya kulipa, soma vizuri maandishi ya kwenye pete, kwa sababu watengenezaji hawatumii hesabu moja: ND64, 1.8 na stopu sita ni nguvu ileile, ND8 ni stopu tatu tu, ilhali 3.0 ni stopu kumi.

Rangi ndiyo iliyonifanya nitoe pesa zaidi. Kwenye kwanjula wanaume huvaa kanzu nyeupe au ya rangi ya maziwa, na juu yake koti jeusi, na mavazi hayo mawili huumbua filta mbovu kuliko kipimo chochote cha dukani. Filta yangu ya kwanza ilizipaka kanzu umanjano wenye ukijani kidogo, jambo ambalo mtu angeweza kulirekebisha kwenye kompyuta. Makoti ndiyo yaliyonishinda: yale ya kitambaa cha sintetiki yaligeuka kahawia iliyoiva, na mengine ya sufi, ya waliokaa jirani, yakabaki meusi. Hii hutokea pale filta inapozuia mwanga tunaouona huku ikiupitisha ule wa infraredi, ambao vitambaa vya sintetiki huurudisha kwa wingi na sensa hunasa sehemu yake. Ukirekebisha koti, sura za watu zinaharibika. ProND64 ina tabaka la metali badala ya kioo kilichotiwa rangi, na tangu nianze kuitumia koti jeusi limebaki jeusi. Anayetaka kupima yake apige picha ya karatasi nyeupe na koti la sintetiki chini ya jua, mara moja bila filta na mara moja akiwa nayo, huku mizani ya rangi ya kamera ikiwa imefungwa mahali pamoja.

Filta ya kuzungusha siidharau. Ssenga, shangazi wa bibi harusi, anapotoka kwenye kivuli cha nyumba, akavuka uwanja wenye jua kali kumtafuta bwana harusi katika hema la wageni, kidole kimoja kwenye pete kinatosha kufuata mwanga, wakati mimi mwenye stopu sita zisizobadilika nahangaika na ISO. Lakini filta hiyo ni polaraiza mbili, yaani vioo vinavyochuja mng'ao, zilizopachikwa pamoja, na ukiizungusha hubadilisha pia mng'ao. Gomesi, vazi refu la wanawake wa Kiganda, ya satini iliyokuwa ikimetameta inapooza katikati ya hatua tatu, halafu mng'ao unarudi, na paji la uso la bibi harusi linafuata mtindo huohuo. Ukitumia lenzi pana na kuizungusha hadi karibu na mwisho, alama nyeusi ya msalaba hujitokeza kwenye picha, na hiyo hakuna programu itakayoifuta. Hata za bei kubwa, zenye kizuizi cha kukuepusha na msalaba, bado ni polaraiza.

Kwenye maporomoko, stopu sita zinanitosha kuliko nilivyotarajia. Pale Murchison, mto Nile unajibana kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi kisha unashuka mita 43, na maji yake yana nguvu kiasi kwamba shata ndefu huyafanya kuwa doa jeupe lisilo na umbo. Juani, kwa ISO 100 na f/11, filta hii hunipa karibu theluthi moja ya sekunde, na nyuzi za maji bado zinaonekana zikijipinda. Ile ya stopu kumi ingenipa sekunde tano, nami sizitaki pale. Kubwa zaidi pale juu ni manyunyu: nafuta kioo, napiga, nafuta tena, na tabaka linaloteleza maji lina thamani ya bei yake. Sipi, chini ya kivuli cha miti, sekunde moja hupatikana kwa urahisi.

Stopu kumi nimeziacha kwa ajili ya Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe, ambako mawimbi madogo yakipewa nusu dakika jioni hulala kabisa. Mitumbwi ya wavuvi nayo huyeyuka, hivyo chagua muda ambao hakuna anayepita. Fokasi ipangwe kabla ya kufunga filta, na wenye kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) wazibe tundu la kuchungulia, la sivyo mwanga utaingia kwa nyuma.

Nilinunua milimita 77 ingawa lenzi yangu ndogo ni 67, kwa sababu pete ya kuunganisha ni bei ndogo kuliko filta ya pili. Pete za aluminiamu hunasa zikikazwa kwa joto. Za shaba nyeupe zinafunguka kwa vidole. Kero iliyobaki ni kwamba kofia ya kukinga jua ya lenzi ya 67 haiingii tena juu ya pete hiyo, na jua la ubavuni likigonga kioo, weupe unatanda kwenye picha nzima, kwa hiyo kwenye kwanjula namwomba msaidizi wangu asimame na mwavuli.