Marefa wa kukodi wikiendi: wanachelewa balaa ila sheria wanazijua

Jumapili tulikuwa na bonanza la maveterani hapa mtaani Mbagala, watu wa juu na watu wa chini, zawadi mbuzi. Miaka yote anachezesha yeyote mwenye filimbi, na mwaka jana iliishia watu kukunjana mashati, kwa hiyo safari hii tukachanga tukakodi marefa wa kulipwa, jina la kikundi nahifadhi. 75,000 kwa refa wa kati na washika vibendera wawili, nauli juu yetu.

Nianze na kero. Mechi saa kumi kamili, wao wameshuka kwenye bajaji saa kumi na dakika arobaini, wanasema foleni, Jumapili foleni gani jamani? Kibendera mmoja nae akili yake yote ilikuwa kwa mama wa mihogo, kipindi cha kwanza straika wetu kapokea mpira wa kurusha yuko peke yake na kipa, jamaa kashtuka huko kanyanyua kibendera ofsaidi! Bahati refa wa kati alimpuuza, mpira wa kurusha hauna kuotea hata watoto wanajua.

Sasa kilichonifanya niandike. Dakika za mwisho, 1-1, yule mbuzi wa zawadi aliyefungwa pale kwenye mwembe akakata kamba, watoto nyuma yake, akaingia uwanjani mpaka ndani ya boksi lao. Winga wetu hajamuona, au kamuona akaona isiwe tabu, kapiga shuti, mpira ukambabatiza mbuzi ubavuni ukageuka ukapita katikati ya mirunda. Kipa kasimama tu anamwangalia mbuzi. Tukashangilia mpaka mzee mmoja kavua jezi na kitambi chake chote.

Refa filimbi, mkono juu, sio goli. Akaenda kumpa kipa wao dropu boli, yaani ule mpira refa anaudondosha kuanzisha tena mchezo uliosimama, yeye peke yake, sisi wote akatusogeza mita nne nyuma. Hapo ndo mimi nikachemka, nilimwambia refa acha kutuibia, dropu boli watu wawili wanagombania, toka nazaliwa iko hivyo! Akanijibu taratibu kabisa, "Kaka, hiyo ilibadilishwa 2019, mchezo ukisimama mpira uko ndani ya boksi anapewa kipa." Mwingine wetu akaleta ya mechi ya Sunderland na Liverpool kule Uingereza, Oktoba 2009, shuti la Darren Bent lilivyogonga lile boli la kuchezea ufukweni likaingia na goli likahesabiwa. Refa akacheka, akasema lile nalo halikutakiwa kuhesabiwa.

Nimefika home nikasoma sheria nikakuta jamaa yuko sahihi kila neno. Goli lingehesabiwa kama mpira ulikuwa unaenda golini tayari, mbuzi kaugusa tu njiani bila kumzuia beki wala kipa kuucheza. Na kusema ukweli wa Mungu lile shuti lilikuwa linaenda kwenye karai la mihogo.

Tukaenda penati, tukafungwa 4-3, mbuzi kaenda kwa watu wa juu. Inauma ila hakuna aliyekunjwa shati, na hiyo kwa mtaa wetu sio kitu kidogo, maana refa wa kuona rafu wamejaa, ila wa kujua cha kufanya mbuzi akiingia boksini na watu themanini wanakupigia kelele nimemuona huyu tu.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa kuchelewa na yule wa mihogo. Ukiwakodi waambie mechi saa tisa ili wafike saa kumi, hela uwape nusu kwanza. Na mbuzi mfungeni kwa kamba ya katani, sio kipande cha waya wa antena kama sisi.